Gramu Sita za Trastuzumab: Jani, Tangi na Nauli ya Korogwe

Mama wa kilo 60 mwenye saratani ya titi ya aina ya HER2 anahitaji gramu 6.6 za dawa iitwayo trastuzumab kwa mwaka mzima. Dozi ya kwanza ni miligramu 8 kwa kila kilo ya mwili, yaani miligramu 480. Zinazofuata, kila baada ya wiki tatu, ni miligramu 6 kwa kilo, yaani 360, mara 17. Jumla ni dozi 18.

Handeni wanajua kupima kitu cha thamani kwa gramu. Wachimbaji wadogo wa Magambazi hawauzi dhahabu kwa kilo wala kwa debe. Basi tuipime dawa hii kwa mzani huohuo. Desemba 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema trastuzumab ya kampuni asili inagharimu wastani wa dola 20,000 kwa mwaka wa matibabu. Gawanya kwa gramu 6.6, unapata dola 3,000 na kitu kwa gramu moja. Dhahabu haijawahi kukaribia bei hiyo. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, mwaka wa matibabu ni shilingi milioni 50.

Siku hiyohiyo shirika hilo lilitangaza kuidhinisha trastuzumab ya kwanza iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa kuifuata ile ya asili. Dawa za namna hii huitwa bayosimila, na shirika lilisema kwa ujumla zinauzwa kwa bei pungufu kwa asilimia 65. Hapo mwaka unashuka hadi dola 7,000 hivi, sawa na shilingi milioni 17.5, au dola 1,060 kwa gramu.

Kuna bei ya tatu, na hiyo ndiyo inayowafanya watu waulizie majani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipiga hesabu ya kiwanda kinachotengeneza kingamwili, yaani dawa za jamii ya trastuzumab, ndani ya mmea badala ya ndani ya matangi ya chuma. Walipata gharama ya uzalishaji ya takriban dola 121 kwa gramu. Mama wetu wa kilo 60 angehitaji dawa yenye gharama ya dola 800 kwa mwaka, kama milioni mbili za Kitanzania. Milioni 50, milioni 17.5, milioni 2: ukiziweka sambamba hivyo, nani angechagua nyingine?

Lakini ile ya tatu si bei ya dukani. Ni gharama ya kiwanda cha kwenye karatasi, na kiwanda chenyewe kinakadiriwa kuhitaji mtaji wa dola zaidi ya milioni 100. Haijahesabu majaribio kwa wagonjwa, usajili, jokofu kutoka bandarini hadi wodini, wala faida ya kila mkono unaoipitisha. Trastuzumab ya majani haipo kwenye stoo ya hospitali yoyote ambayo mgonjwa wa Korogwe anaweza kuandikiwa rufaa.

Inatengenezwaje? Dawa ya kawaida hukuzwa katika seli zilizotokana na ovari ya panya wa Kichina aitwaye hamsta. Seli hizo huelea kwenye matangi makubwa ya chuma, zikilishwa na kulindwa kwa wiki kadhaa. Kwa njia ya mmea, hutumika ndugu wa tumbaku mwenye asili ya Australia, Nicotiana benthamiana, ambaye kwa kazi hii havutwi na mtu. Miche huzamishwa kwenye maji yenye bakteria waliobebeshwa maelekezo ya kutengeneza kingamwili, hewa huvutwa ili maji yapenye kwenye majani, kisha miche hurudishwa kwenye kitalu. Baada ya takriban wiki moja majani huvunwa, husagwa, na kingamwili huchujwa. Kampuni ya PlantForm ya Guelph, Kanada, imeitengeneza trastuzumab kwa njia hii. Nchini Thailand, kampuni ya Baiya Phytopharm, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, inakuza kingamwili nyingine katika mmea huohuo.

Kinachopungua ni gharama ya tangi. Uchujaji haupungui sana: kingamwili ikishatoka kwenye jani inapaswa kusafishwa kwa kiwango kilekile cha ile iliyotoka kwenye seli za hamsta, na usafishaji ni sehemu kubwa ya gharama. Wanaouza ndoto ya majani huiruka sehemu hii.

Ukanda wetu umewahi kuiona dawa ya aina hii ikitumika kwa wagonjwa. Mwaka 2014, Ebola ilipolipuka Afrika Magharibi, wamishenari wawili wa Kimarekani walioambukizwa Liberia walipewa ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizokuzwa katika majani huko Kentucky. Walipona, na dawa ikapata jina. Akiba ikaisha upesi, wagonjwa wakiwa bado wanafika. Miaka minne baadaye ugonjwa ulipoingia Kivu Kaskazini, ZMapp ilijaribiwa Beni, Butembo na vituo vya jirani pamoja na dawa nyingine tatu. Jaribio lilianza Novemba 2018 na kushirikisha wagonjwa 681. Kati ya waliopewa ZMapp karibu nusu walifariki. Kwa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 kutokana na kazi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, walifariki asilimia 35, na kwa REGN-EB3 asilimia 33.5. Hizo mbili zilitoka kwenye seli za hamsta. Agosti 2019 ZMapp iliondolewa jaribioni.

Jani halikuwa na kosa hapo. Kingamwili zenyewe ndizo zilizozidiwa katika kukishika kirusi. Ila kutengenezwa kwa mmea si alama ya ubora, wala si alama ya udhaifu. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha Elelyso, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa Gaucher inayokuzwa katika seli za karoti, na inatumika. Kampuni ya Medicago ya Kanada ilipata idhini ya chanjo yake ya korona iliyotengenezwa katika mmea Februari 2022, na kufikia 2023 wamiliki wakaamua kuifunga. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesita kuipokea chanjo hiyo kwa sababu kampuni ya sigara ilikuwa na hisa ndani yake.

Kuhusu muda wa kusubiri, Korogwe wenyewe wana kipimo chao. Kituo cha Korogwe cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilikuwa kati ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya jaribio la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Miaka 12 kutoka hatua ya mwisho ya majaribio hadi mapendekezo, na hiyo ni bidhaa iliyokuwa na wafadhili wakubwa. Mwenye uvimbe titini leo hana miaka 12 ya kusubiri jani.

Nina jambo la kusema kuhusu neno “mmea” kabla ya kuendelea na bei. Tanga haikosi mtu wa kukuuzia mizizi, na Handeni ina sifa yake ya waganga inayofika mbali. Mtu akisoma kwamba wazungu wanatengeneza dawa ya saratani kwa majani, kesho yake atasikia sokoni kwamba mizizi fulani ndiyo hiyohiyo. Siyo. Mmea wa maabara hautibu chochote kabla haujapewa maelekezo. Ukiula au kuuchemsha hupati kitu. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya miti shamba cha shilingi 500, na baadhi yao waliacha dawa za hospitali. Kwa shilingi 500 hakuna aliyeona amepoteza fedha. Kilichowapotea ni miezi, na kwa saratani ya titi miezi ndiyo ghali. Tathmini ya huduma za saratani ya titi nchini iliyotolewa 2017 ilionyesha kwamba karibu wagonjwa wanane kati ya kumi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne.

Sasa tuje kwenye kinachonunulika.

Cha kwanza kulipia ni kipimo, kabla ya dawa yoyote. Trastuzumab hufanya kazi kwa uvimbe wenye HER2 nyingi tu, na huo ni kama mmoja kati ya sita hivi. Wengine wana uvimbe unaoendeshwa na homoni, ambao hutibiwa kwa vidonge vya tamoxifen, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka mitano au zaidi, kwa bei ambayo ukiiweka kando ya hizi nilizotaja unaweza kucheka. Wengine hawana HER2 wala vipokezi vya homoni, na kwao trastuzumab ya kiwanda chochote, ya tangi au ya jani, ni fedha iliyotupwa. Kwa hiyo baada ya kukatwa kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa, dai majibu ya vitu vitatu: vipokezi vya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na HER2. HER2 ya 3+ inatosha. Ya 2+ inahitaji kipimo kingine cha kuhakikisha. Ya 0 au 1+ haihitaji trastuzumab. Kinyama kikikaa muda mrefu bila kuwekwa kwenye fomalini, majibu huharibika na utalipa mara mbili, basi uliza kitawekwa wapi na kitasafirishwa lini. Kipande cha nta chenye kinyama chako kitunzwe. Daktari wa Moshi au wa Dar anaweza kukihitaji tena.

Ukishakuwa na 3+ mkononi, chaguo ni la asili au bayosimila. Hapa sina kigugumizi: chukua bayosimila, mradi imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zimepimwa sambamba na ile ya asili kwa wagonjwa wa kweli. Kampuni ya Biocon ya India iliingiza yake sokoni kwao mwaka 2014, na nyingine zikafuata kutoka Korea, Ulaya na kwingineko. Kulipa mara tatu kwa ajili ya jina la kwanza kwenye boksi hakuongezi siku moja. Tahadhari yangu ni kwa bei ya mteremko mno kutoka kwa mtu wa mkoba. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya Avastin bandia, nayo ni kingamwili ya saratani, iliyokutwa Uganda. Dawa hii inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi. Iliyosafiri kwenye mfuko wa rambo kutoka Kariakoo usiipokee hata bure.

Halafu kuna salio la kichupa, jambo ambalo wagonjwa hawaliulizii. Vichupa vingi ni vya miligramu 440 au 150. Mama wetu anatumia 360, hivyo kichupa cha 440 kinabakiza 80. Salio hilo ni la nani? Kichupa cha 440 kikichanganywa na maji yenye kihifadhi kinakaa kwenye jokofu hadi siku 28. Na kama kliniki ikiwapanga wanawake wa HER2 siku moja, wanawake 11 wa kilo 60 wanatosheka na vichupa tisa kamili badala ya 11. Vichupa viwili vilivyookolewa ni dozi mbili na ushee za mtu mwingine. Uliza kwenye kliniki yako kama wana siku ya pamoja. Kama hawana, omba waianzishe. Hakuna kitu cha kununua hapo.

Ipo pia sindano ya chini ya ngozi ya miligramu 600 kwa kila mtu bila kujali uzito, inayochomwa kwa dakika tano. Inaokoa muda wa kitanda. Kwa mwembamba wa kilo 50 ni dawa nyingi kuliko anayohitaji kwa dripu, kwa hiyo linganisha bei ya mwisho ya kila njia.

Upunguzo mwingine mkubwa hautoki kiwandani, unatoka kwenye kalenda. Jaribio la Persephone la Uingereza, lililochapishwa 2019 likiwa na wanawake zaidi ya 4,000, lililinganisha miezi sita na miezi 12. Baada ya miaka minne, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 89.4 kwa miezi sita na 89.8 kwa mwaka mzima. Walioacha dawa kwa sababu ya moyo walikuwa asilimia 3 dhidi ya 8, maana trastuzumab huweza kuudhoofisha moyo na ndiyo sababu ya kupimwa kwa ultrasaundi ya moyo kila miezi mitatu. Jaribio la Ufaransa la kabla yake halikuridhika na miezi sita, na madaktari wengi wanashikilia mwaka kwa wenye ugonjwa mkubwa. Kwa aliyegunduliwa mapema na hana uwezo wa dozi 18, dozi tisa ni mazungumzo halali kabisa na daktari. Dozi tisa zilizokamilika ni bora kuliko 18 zilizopangwa na kukatikia ya nne. Kwa hatua ya nne mpango huu haupo. Dawa huendelea kadiri inavyosaidia.

Sasa twende barabarani. Korogwe iko karibu katikati ya Dar es Salaam na Moshi, na hii ni bahati ambayo miji mingi ya Tanzania haina: unaweza kuchagua hospitali ya Ocean Road ya Dar au KCMC ya Moshi. Wa Handeni hutokea Mkata kuelekea Dar, au hupanda Korogwe kuelekea Moshi. Wengi huelekea Dar kwa mazoea na kwa sababu kuna ndugu wa kuwapokea. Ndugu wa kulala kwake ni kigezo kizuri kabisa, kuliko umaarufu wa hospitali. Piga hesabu hii: dozi 18, kwenda na kurudi, mgonjwa na msindikizaji, ni tiketi 72. Chukua nauli ya siku hiyo stendi ya Korogwe, zidisha kwa 72, ongeza chakula na bodaboda za mjini. Kwa mpango wa miezi sita zidisha kwa 36. Kisha uliza kama dozi za katikati zinaweza kuchomwa hospitali ya Bombo, Tanga, daktari bingwa akishaandika mpango. Hata kama jibu ni hapana, swali lifike, kwa sababu hospitali haiombi dawa ambayo hakuna anayeiulizia.

Kukosa basi nako kuna bei. Dozi ikichelewa zaidi ya wiki moja, mgonjwa huanzishwa tena na miligramu 8 kwa kilo badala ya 6. Kwa kilo 60 hizo ni miligramu 120 za ziada, kama shilingi 318,000 kwa bei ile ya bayosimila. Ukikopa nauli ili usichelewe, umeokoa.

Kwenye bima, Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, ulipangwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na huduma zake ziliishia hospitali ya mkoa. Kwa kinyama na ultrasaundi ilisaidia. Kwa trastuzumab ya Ocean Road haikufika. Mwenye bima ya taifa, NHIF, aulize kabla ya kuanza kama kifurushi chake kinalipa dozi zote na kama kinadai kibali kwanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na swali la kumuuliza wakala wa bima hiyo ni hilohilo: trastuzumab imo, dozi ngapi? Saratani imo pia kwenye magonjwa ya msamaha katika hospitali za umma, kwa hiyo asiye na uwezo aanzie kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kuuza shamba. Msamaha hauzai dawa isiyokuwepo stoo, lakini hupunguza mengine yote.

Jirani zetu wameonyesha kwamba bei inaweza kushuka bila jani. Kenya mwaka 2025 ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche: dozi ya Herceptin, ambayo ndiyo trastuzumab ya asili, iliyokuwa shilingi 120,000 za Kenya ishuke hadi 40,000, na Mamlaka ya Afya ya Jamii imlipie mwanachama. Elfu arobaini za Kenya ni kama laki saba na nusu hadi nane za kwetu. Mtanzania hawezi kuvuka Horohoro akaidai, kwa kuwa ni ya wanachama wao. Serikali yao ilikaa mezani na muuzaji, basi.

Je, dawa ikishindwa? Hapa ndipo jani linapotajwa zaidi, na ndipo pa kuwa mwangalifu. Uvimbe uliozoea trastuzumab haujali kama imetoka kwenye tangi au kwenye kitalu. Nakala ya bei nafuu ya dawa isiyofanya kazi ni dawa isiyofanya kazi. Jani lina faida moja ya kweli: mimea iliyorekebishwa inaweza kutoa kingamwili zisizo na sukari iitwayo fukosi, na kingamwili hizo huita askari wa mwili kwa nguvu zaidi. Bado ni kazi ya maabara. Kwa leo, kwanza hakikisha kama usugu ni wa kweli au ni dozi zilizorukwa, kisha omba kinyama kipya, maana HER2 inaweza kubadilika. Kilicho karibu na mfuko ni vidonge vya capecitabine pamoja na trastuzumab au lapatinib. T-DM1 na trastuzumab deruxtecan, ambazo ni kingamwili zilizobebeshwa sumu, zina matokeo mazuri zaidi na bei inayozidi zote nilizotaja. Kwa mwenye bima isiyozilipa sizipendekezi kama sababu ya kufilisi ukoo.

Wa kusubiri jani ni wizara, TMDA na wawekezaji. Mwanamke wa Kabuku, Mombo au Chanika mwenye uvimbe usiouma kwenye titi aende hospitali ya Magunga, Korogwe, au hospitali ya wilaya ya Handeni wiki hii, akatwe kinyama, na asiondoke bila kuambiwa siku ya majibu ya HER2.